Kigae Chini ya Sarafu

Shimo lenyewe lilikuwa dogo, kina chake kama mkono wa mtu mzima kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Inspekta alilipigia magoti, saa ameivua na kuitia mfukoni, mikono ya shati ameikunja, akawa anatoa udongo kwa kijiko cha chai. Kila alichotoa alikimwaga juu ya kipande cha turubai, akakipapasa chembe kwa chembe kama mtu anayechambua mchele. Koplo alisimama nyuma yake na koleo ambalo hakuruhusiwa kuligusisha ardhi.

"Afande, kwa koleo hili tungekuwa tumeshamaliza, tunakunywa chai."

"Ndiyo maana koleo umeshika wewe na kijiko nimeshika mimi."

"Lakini mtu tunaye. Yuko ndani tangu juzi. Na sarafu tunazo. Humu tunatafuta nini tena?"

Inspekta aliendelea na kijiko chake. Nyasi za uwanja zilikuwa bado zimelala kwa kukanyagwa na umati wa Jumamosi.

Jumamosi hiyo karibu mji mzima ulikuwa hapa. Halmashauri ilitaka kuuchimba uwanja huu, ulio nyuma ya maghala ya reli, ijenge maegesho ya mabasi. Aliyewapinga alikuwa mmoja tu: Mwalimu mstaafu, mzee aliyefundisha nusu ya mji kusoma na kuandika, Inspekta akiwa mmoja wao. Mwalimu alikuwa na kazi yake ya uzeeni, kutafuta mahali pa kale. Aliuliza wazee, alitazama ramani na picha za zamani, kisha alipita na mashine ya kutafutia vyuma, ile yenye sahani mwishoni mwa fimbo, ambayo hulia ikisikia chuma ardhini. Alisema hapa ndipo lilipokuwa soko la kwanza, kabla ya reli kufika. Diwani, kwa kejeli, akampa mpaka Jumamosi atoe ardhini hata kitu kimoja. Mwalimu akaja, akapita na mashine mbele ya wanafunzi na wazazi wao, mashine ikalia, akachimba, na sarafu za kale zikatoka zimeshikamana na udongo. Vigelegele vilisikika hadi stesheni. Halmashauri ikatangaza palepale kwamba uwanja hautaguswa.

Kumbe furaha ile ilikuwa na mchanga ndani yake. Mwalimu alipozikabidhi sarafu kwenye nyumba ya makumbusho, mtunzaji alifungua droo ya stoo aziweke pamoja na nyingine za aina hiyohiyo, akakuta droo tupu. Kufuli lilikuwa zima. Inspekta alipouliza nani wana ufunguo, Mwalimu ndiye aliyemjibu: mtunzaji na mlinzi, basi. Mtunzaji alikuwa amerudi kutoka safarini siku ileile. Kwa hiyo akakamatwa mlinzi. Inspekta alimtoa nyumbani kwake mchana kweupe, pingu mikononi, majirani wamejaa milangoni, na mkewe akikimbia nyuma ya gari ameshika viatu vya mumewe, kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kuvivaa.

Na leo asubuhi mtunzaji alikuwa amepiga simu. Aliziosha zile sarafu za uwanjani, akazitazama kwa kioo cha kukuzia. Kila moja ilikuwa na mkwaruzo mpya ukingoni, mahali palepale ambapo makumbusho huandika namba kwa wino mwembamba. Sarafu zilizofukuliwa na sarafu zilizopotea zilikuwa ni zilezile.

"Ni rahisi kama maji ya kunywa," Koplo alisema. "Mlinzi aliiba, akakwaruza namba, akaja kuzika hapa. Mwalimu wa watu akazikanyaga kwa bahati. Siku za mwizi arobaini."

"Mlinzi anakaa upande wa pili wa mji. Ana shamba lake, ana migomba yake. Aje kuficha mali ya wizi mahali ambapo hata watoto wanajua Mwalimu anapitisha mashine?"

"Wezi wangekuwa na akili, sisi tungekula wapi?"

Kijiko kikagonga kitu. Inspekta alikitupa pembeni, akaendelea kwa vidole. Akafuta, akapuliza, akafuta tena. Chini kabisa ya shimo kulikuwa na kipande cha kigae cha paa, upana wa kiganja, kimelazwa sawasawa. Alikipiga picha kikiwa mahali pake, akapima kina kwa futi kamba, ndipo akakiinua. Chini yake akachokonoa kwa ncha ya kijiko. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu.

"Takataka," Koplo akasema.

"Takataka haijilazi hivi. Juu yake udongo laini, na humo ndimo sarafu zilimokuwa. Chini yake hapajawahi kuguswa. Aliyechimba aliishia hapa, akakiweka hiki, ndipo akaweka sarafu." Alikitia kigae kwenye mfuko wa nailoni. "Nipeleke kwa Sumaku."

Sumaku lilikuwa jina la utani la fundi baiskeli aliyekuwa akizunguka na Mwalimu kila wikiendi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara, matairi yamening'inizwa kama nyama buchani. Walimkuta amepindua baiskeli ya mteja, anazungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja.

"Karibuni, afande. Kama ni pancha, leo bure. Kama ni kunifunga, subirini nimalize hili gurudumu, lenyewe ni korofi."

"Una cha kufungiwa?"

"Kila mtu anacho, tunazidiana tu kujulikana."

Inspekta alivuta kigoda, akakaa. "Mmetafuta pale uwanjani muda gani, wewe na Mwalimu?"

"Mwaka wa tatu huu. Unataka kujua tumepata nini? Vizibo vya soda! Vizibo vingetiwa kwenye makumbusho, mimi na Mwalimu tungejengewa sanamu. Misumari ya reli, kijiko kimoja, kopo la sardini. Mke wangu alikuwa akiniuliza jioni, 'Mume wangu, leo hazina ni Fanta au Koka?'" Alicheka peke yake, kisha akatikisa kichwa. "Lakini Mwalimu hakukata tamaa. Alikuwa ananiambia, 'Sumaku, anayetembea haangushi pesa. Anayeangusha ni aliyekaa na aliyeinama. Tafuta mahali watu walipokaa.' Na Jumamosi si mliona?"

"Niliona. Mkimaliza shimo moja, mnafanyaje?"

"Tunafukia. Muungwana hafungui mlango wa watu akauacha wazi."

"Kabla ya kufukia."

"Ahaa. Hiyo ni sheria ya Mwalimu. Mashine ikishanyamaza, ukajua shimo halina kitu tena, unaweka alama chini kabisa, kitu ambacho mashine haikisikii. Mimi naweka kipande cha tairi, si unaona sina shida ya tairi. Yeye anaweka kigae. Siku mwenzako akichimba hapohapo akakuta alama, anajua pamekwisha kutazamwa, asimwage jasho bure."

Koplo akapiga paja lake. "Basi, afande! Ni shimo la zamani la Mwalimu. Udongo wake ulikuwa laini tayari. Mlinzi kaona pa kuchimba kwa urahisi, kafukua mpaka kwenye kigae, kazika mali yake."

Ilikuwa hoja nzuri, na Inspekta aliipa haki yake. Alitoa mfuko, akaugeuzageuza juani. Kigae kilikuwa chekundu. Uso wake mwekundu, na kingo zilipovunjika nyekundu zaidi, kali, hazijalika popote.

"Vigae vyake anavitoa wapi?"

"Nyuma ya shule. Vile vilivyoanguka zamani, vyeusi kwa ukungu, ukivishika vinakuacha na ..." Sumaku akaona kilichomo mfukoni. Gurudumu lilizunguka likapunguza mwendo, likasimama, na hakuligusa tena.

"Mara ya mwisho Mwalimu kufika uwanjani kabla ya Jumamosi ilikuwa lini?"

"Mimi ni fundi baiskeli, afande."

"Nimekuuliza lini."

"Goti lilimvimba mvua zilipoanza. Nilikuwa nampelekea dawa ya kuchua. Hakutoka mpaka Jumamosi." Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, bila kumtazama mtu. "Dada Inspekta, yule mzee ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu. Hayo niliyosema, naomba nirudishiwe."

"Yangekuwa mabaya ningekurudishia," Inspekta akasema. "Ni ya kweli tu."

Wakaondoka, Koplo akiendesha. Alishika usukani kama kitu cha kuazima.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa na paa la rangi mbili. Upande wa barabarani vigae vilikuwa vya zamani, upande wa jikoni vipya, vyekundu. Pembeni mwa uwanja wa nyumba kulikuwa na chungu ya vipande vilivyovunjika, vimefagiliwa vizuri. Inspekta aliinama, akachukua kimoja, akakilinganisha na kile cha mfukoni. Mama wa nyumba, mke wa Mwalimu, akatoka akijifuta mikono kwa kanga.

"Karibu mwanangu, karibu! Unatazama uchafu wetu? Upepo wa mwezi huu ulitubomolea jiko lote. Fundi kaja na vigae vipya, nusu kavivunja, na hela yake kataka yote. Amekuja na kumaliza siku moja, Jumanne iliyopita. Ingieni, Mwalimu yupo."

Mwalimu alikuwa amekaa chini ya ramani kubwa ya mji aliyoichora kwa mkono wake. Inspekta alisimama kando ya kiti mpaka alipoambiwa aketi. Miaka yote hii, na bado alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Goti hili, nisamehe siinuki. Vipi kesi yetu?"

"Inakwenda. Nimekuja kwa jambo dogo. Funguo za stoo ya makumbusho. Uliniambia zipo mbili."

"Ndivyo ninavyojua."

Mama alikuwa anaweka vikombe mezani. "Mbili za kwao," akasema kwa fahari, "na ya tatu ya Mwalimu. Walimpa wenyewe alipokuwa anawaandikia zile kadi za maelezo, si unajua mwandiko wake? Ipo pale nyuma ya mlango." Akaenda, akauangua kwenye msumari, akauweka katikati ya meza, kati ya sukari na maziwa.

Hakuna aliyeugusa. Mama akamtazama mumewe, akatazama ufunguo, akamtazama Inspekta. Mkono wake ulibaki hewani juu ya bakuli la sukari.

"Mama," Mwalimu akasema taratibu, "hebu kaangalie jiko."

"Jiko nimelizima."

"Basi kaa."

Inspekta akatoa mfuko, akauweka kando ya ufunguo. "Hiki nimekitoa leo chini ya sarafu. Ni kigae cha paa lako, Mwalimu. Vigae hivi vililetwa Jumanne. Sarafu zilitoka Jumamosi. Mlinzi hana kigae, wala hajui sheria yako ya alama. Shimo lile lilichimbwa katikati ya siku hizo, na mkono uliolichimba ninaujua. Ndio ulionishika mimi nikiandika herufi ya kwanza."

Mzee alikiinua kigae hadi karibu na macho. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa wa mtu anayeshangaa.

"Niliweka kigae?"

"Uliweka."

"Sikumbuki." Alikigeuza. "Vimo kwenye mfuko wangu wa kazi siku zote, hivi vipya nilivitia mwenyewe. Nilichimba Alhamisi alfajiri, nikawa naogopa watu wa treni wasinione, na mkono ..." Akakirudisha mezani. "Mkono ulifanya ulichozoea."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Diwani alileta viti. Ulisikia? Alikodi viti na turubai watu waje kunitazama nikikosa. Wajukuu wangu walikuwa wanaulizwa shuleni, babu yenu amechimba soda ngapi leo. Nikasema, sarafu zile zinalala drooni, hazijafunguliwa tangu nilipoziandikia kadi. Nitazichukua, nitazitoa ardhini, nitazirudisha kulekule zilikotoka. Hakuna aliyepungukiwa. Zingekaa kwenye kabati la kioo, watoto wangeziona. Sikudhani mtunzaji angefungua droo mbele ya watu."

"Kisha nikakuuliza funguo."

Mwalimu alitazama magoti yake.

"Nilikuuliza hapahapa," Inspekta akasema. "Ukanijibu mbili."

"Nilidhani mtamhoji, mtamwachia. Hana kosa, nikasema, watamwachia jioni."

"Amelala kwenye sakafu ya saruji siku ya tatu leo. Kazini wameshamwandikia barua, asirudi."

Mama alivuta kanga mabegani ingawa hapakuwa na baridi. Hakulia. Aliinuka tu, akaanza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevinywea, akavipeleka jikoni, na kutoka huko haikusikika hata sauti ya maji.

Inspekta alingoja mpaka hatua za mama zilipoisha. "Kuna jambo langu na mimi. Kumuuliza mtunzaji funguo zipo ngapi ni kazi ya dakika moja. Sikumuuliza. Nilisema, Mwalimu ameshasema. Nikaenda kumfunga mtu pingu mbele ya mkewe kwa sababu ya adabu yangu kwako. Hilo nitaliandika kwenye ripoti, kwa mkono wangu."

"Usijitie humo, mwanangu."

"Nimo tayari."

Mzee aliitazama ramani ukutani, ile mistari yake myembamba, kisima, njia ya mizigo, soko. "Lilikuwa pale," akasema. "Hilo si uongo. Soko lilikuwa pale."

"Huenda. Haya yakijulikana, wiki ijayo wataleta matingatinga. Na ukiwaonyesha mzani wenyewe wa soko umeutoa ardhini, watakuuliza umeununua duka gani."

Maneno hayo yalitoka makali kuliko alivyokusudia, lakini hakuyafuta. Mwalimu alishika mkono wa kiti, akajiinua nusu, akaketi tena.

"Naomba kitu kimoja. Twende jioni. Jua likizama. Njia nzima hii ni wanafunzi wangu."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akamtazama Inspekta kwa macho ya kuomba. Inspekta alivaa saa yake aliyokuwa ameisahau mfukoni.

"Mlinzi nilimtoa kwake saa ya jua kali, Mwalimu, miguu mitupu. Vaa viatu. Pingu sitakutia. Tutapita mlango wa mbele."

Njia nzima watu walimpungia mzee mkono dirishani. Muuza magazeti akaita, "Mwalimu, hongera ya uwanja!" Mwanamke mmoja akamwinua mtoto wake amwone. Mwalimu hakupunga. Alikaa kiti cha nyuma, mikono katikati ya magoti, kama mtoto aliyetumwa kwa mwalimu mkuu.

Kituoni, sajini wa zamu aliinuka haraka kumvutia mzee kiti, akidhani amekuja kushtaki. Inspekta akamwambia aache kiti, achukue kitabu cha mahabusu. Mlinzi anatoka leo, akasema. Kinachobaki ni maelezo ya Mwalimu, na yataandikwa baada ya wawili hawa kuonana.

"Wawili gani?" sajini akauliza. Inspekta alichukua ufunguo wa mahabusu mezani kwake, akamtanguliza mzee.

Kwenye ujia wa mahabusu kulikuwa na benchi moja. Mke wa mlinzi alikuwa amekaa hapo na hotpoti ya chakula mapajani, na viatu vya mumewe vimewekwa sambamba chini ya benchi. Alipomwona Mwalimu aliinuka, akaifuta benchi kwa ncha ya kanga yake.

"Mwalimu, kaa hapa, usisimame na goti lako. Nani kakuhangaisha na jua hili? Mungu akubariki. Nimesema na watu wengi, hakuna aliyekuja."

Mzee hakukaa. Inspekta alikuwa nyuma yake, na aliona kola ya shati la mzee ikilowa.

Nyuma ya nondo mlinzi alikuwa ameshainuka. Ndevu zilikuwa zimemtoka nyeupe, jambo ambalo hakuna aliyelijua, maana kila siku alizinyoa. Alilivuta shati lake likae sawa, akafunga kifungo cha juu kama mtu anayekaribia kuingia darasani, akamgeukia mkewe kwanza.

"Si nilikwambia? Nilikwambia usilie, Mwalimu akisikia atakuja. Yeye ndiye anayejua stoo ile kuliko mtu yeyote, atawaeleza." Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu."

Midomo ya mzee ilifunguka. Neno la kujibu ni moja tu, na alikuwa amelisema mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe, darasani, njiani, sokoni, kwa mkubwa na mdogo. Sasa halikuja. Alisimama mbele ya zile nondo, macho yameshuka kwenye miguu ya mlinzi iliyokuwa mitupu juu ya saruji.

Inspekta alikuwa na ufunguo wa mlango mkononi. Hakuusogeza.

Mlinzi akangoja kidogo. Akaona labda ni uzee, labda masikio hayashiki siku hizi. Akasogea hadi uso wake ukagusa nondo, akarudia kwa sauti kubwa na ya heshima zaidi, ili mzee asikie vizuri:

"Shikamoo, Mwalimu."